Neno "Usalama" katika Mitambo ya Viwanda

Miongoni mwa maneno yanayomlazimu mfasiri kufikiri mara mbili ni neno usalama. Twasema usalama barabarani tukikusudia watu wasigongwe. Twasema usalama wa taifa tukikusudia adui asipenye. Katika mazungumzo ya kila siku muktadha hutuokoa. Lakini katika mitambo inayoendeshwa kwa kompyuta, mathalani ya umeme, ya maji na ya kusafisha mafuta, muktadha wenyewe ndio unaogombaniwa.

Mhandisi husema mtambo una usalama ikiwa hautamwunguza mtu wala kulipuka, na ukiharibika utajizima pasipo madhara. Mlinzi wa mifumo ya kompyuta husema mtambo huo huo una usalama ikiwa mtu asiyeruhusiwa hawezi kuufikia. Kila mmoja huandika neno hilo katika taarifa yake, na meneja huzitia sahihi zote mbili akidhani zimekubaliana. Kumbe pengine zapingana. Mlinzi ataka kompyuta ijifunge neno la siri likikosewa mara tatu. Ofisini hilo ni jema, lakini msimamizi wa tanuri ambalo shinikizo lake lapanda hawezi kungoja afunguliwe. Mlinzi ataka kasoro ya programu irekebishwe mara igunduliwapo. Mhandisi hujibu kwamba mtambo hauzimwi ila wakati wa matengenezo, nao huenda ukawa mwakani.

Mwaka 2017, katika kiwanda kimoja cha kemikali za mafuta huko Saudi Arabia, wavamizi waliingiza programu haribifu, ambayo baadaye iliitwa Triton, katika vidhibiti vya Triconex. Kazi ya vidhibiti hivyo ni kuuzima mtambo unapoelekea kwenye hatari. Mtambo ulipojizima mwezi wa Juni ilidhaniwa kuwa ni hitilafu ya kawaida ya chombo; ulipojizima tena mwezi wa Agosti ndipo uvamizi ukagunduliwa. Swichi ya ufunguo, ambayo huamua kama vidhibiti vyaweza kupokea maagizo mapya, ilikuwa imeachwa katika hali ya kuruhusu. Sasa mfasiri na aandike: "usalama wa mfumo wa usalama ulivunjwa". Nani ataelewa?

Kwa hiyo twapendekeza kwamba, katika maandishi ya kiufundi, usalama litumike kwa kinga dhidi ya ajali, na ulinzi kwa kinga dhidi ya mvamizi. Sheria za Tanzania zimekwisha kuelekea huko: ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Twakiri kwamba usalama wa mtandao limekwisha kuenea, wala hatutarajii kuling'oa. Na wapo watakaosema kuwa ulinzi hukumbusha askari wa getini. Wajerumani nao wana neno moja tu, Sicherheit, na huliunganisha na maneno mengine kila inapobidi kutofautisha.

Limebaki neno kiraka, ambalo watu wa kompyuta hulitumia kwa rekebisho la programu. Mhandisi alisikiapo hufikiri bomba lililozibwa kwa muda kwa kipande cha mpira, na hukataa kabla hajaelezwa. Kwa hilo twaona rekebisho latosha.