Chai nyekundu ya China: ladha zake na namna ya kuiandaa

Kinywaji ambacho wasemaji wengi wa Kiswahili hukiita chai ya rangi, na ambacho katika biashara ya kimataifa huitwa chai nyeusi, Wachina hukiita hongcha, yaani chai nyekundu. Wafanyabiashara hutazama rangi ya jani kavu. Wachina hutazama rangi ya maji kikombeni. Lakini tofauti ya majina ni ndogo ikilinganishwa na tofauti ya uandaaji. Mtu akiyachemsha majani ya Qimen pamoja na maziwa, sukari na tangawizi, atapata kikombe kisichopishana sana na kile cha majani ya bei ya chini, na harufu aliyoilipia itakuwa imekwenda na mvuke.

Sababu imo katika jani lenyewe. Sehemu kubwa ya chai ya Kenya hupitishwa katika mashine yenye meno, inayoyakata na kuyasaga majani mabichi hadi yawe punje ndogo. Punje hizo hutoa rangi na ukali kwa dakika chache, na ukali huo ndio unaoyamudu maziwa. Chai nyekundu ya China iliyo bora hubaki na jani zima au linalokaribia kuwa zima. Majani hunyaushwa, hufikichwa hadi utomvu utoke, huachwa kwa saa kadhaa yabadilike rangi kwa kuguswa na hewa, kisha hukaushwa kwa moto. Jani la namna hiyo hutoa ladha yake polepole, tabaka baada ya tabaka.

Chai inayohesabiwa kuwa kongwe kuliko zote za aina hii ni Zhengshan Xiaozhong, ya kijiji cha Tongmu katika milima ya Wuyi, mkoani Fujian. Nje ya China inajulikana zaidi kwa jina la Lapsang Souchong. Kwa desturi hukaushwa kwa moshi wa misonobari, na iliyotengenezwa vizuri haiukabili ulimi kwa moshi mtupu: nyuma yake kuna utamu wa tunda kavu la longani, usio mbali na ule wa zabibu kavu. Majani mengi yanayouzwa kwa jina hilo yametoka kwingineko, na moshi mkali mara nyingi huficha jani hafifu. Moshi huo umeleta pia tatizo la soko. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 0.02 kwa kilo cha kemikali iitwayo anthrakwinoni, ambayo inaweza kutokana na moshi wa kuni, na si rahisi kwa chai iliyofukizwa kukitimiza. Siku hizi Tongmu hutengeneza pia chai isiyofukizwa. Mwaka 2005 ndipo ilipotokea huko Jin Jun Mei, ya machipukizi matupu, ambayo nusu kilo yake huhitaji makumi ya maelfu ya machipukizi. Bei yake imezaa bandia nyingi. Ile inayong'aa dhahabu tupu aghalabu si ya Tongmu, kwani ya asili huchanganya dhahabu na weusi.

Chai ya Qimen, kutoka mkoa wa Anhui, ilianza kutengenezwa katika miaka ya 1870. Jani lake ni jembamba na jeusi, na harufu yake hukumbusha waridi na okidi. Hii ndiyo inayoumizwa zaidi na maziwa.

Ya Yunnan, iitwayo Dianhong, ni changa zaidi. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati vita na Japani vilipotishia mashamba ya mashariki na China ikahitaji chai ya kuuza nje. Hutokana na mchai wa majani mapana, jamaa wa ule unaostawi Kericho. Ina ladha ya asali, ya kimea, na mara nyingine ya kiazi kitamu kilichochomwa.

Wachina hutumia kibakuli cha kaure chenye kifuniko, kiitwacho gaiwan. Gramu 4 hadi 5 za majani hutiwa maji mililita 100 hadi 120, yenye joto la nyuzi 90 hadi 95. Maji ya kwanza humiminwa baada ya sekunde 10 hivi, kisha muda huongezwa kidogo kidogo. Majani mazuri hustahimili mara tano au zaidi. Asiye na kibakuli hicho atatumia buli: gramu 3 kwa mililita 250, dakika tatu, kisha achuje maji yote. Majani yakiachwa humo, ukakasi huzidi.

Joto la maji hutegemea pia mahali. Mombasa, maji yakishachemka yafaa yaachwe wazi dakika moja au mbili. Nairobi, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, maji huchemka karibu na nyuzi 94, kwa hiyo hapana haja ya kusubiri.

Na asiyeweza kabisa kuacha maziwa achague Dianhong, aiache dakika tano, na maziwa yawe machache.