Damu Iliyovilia na Tuhuma za Uchawi

Jina la Sumbawanga, kwa maelezo yaliyozoeleka, lina maana ya kutupa uchawi. Imani yenyewe haijatupwa, si Ufipa wala kwingineko nchini. Mtu wa Pito akiamka na doa jeusi pajani asilojua limetoka wapi, hatakosa jirani wa kumwambia kwamba wanga wamemchezea usiku. Hapo ndipo tunapoingiwa na hofu, kwani vikongwe wenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wamekwisha kuuawa katika nchi hii kwa tuhuma za namna hiyo.

Doa hilo ni damu iliyovilia. Vijishipa vimepasuka chini ya ngozi, nayo damu ikakosa pa kutokea. Mwili huivunjavunja polepole, rangi ikageuka kijani na manjano, kisha ikapotea, aghalabu baada ya wiki mbili hivi. Juu ya ngozi yetu nyeusi rangi hizo hujificha. Uvimbe na maumivu ya kuguswa husema zaidi.

Kujigonga kidogo husahaulika, hasa kwa mzee ambaye ngozi yake imekuwa nyembamba. Lakini madoa yakizidi bila kipigo, au ufizi na pua vikitoka damu, ni lazima damu ipimwe. Huenda ini limeugua, au mgonjwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Saratani ya damu nayo yaweza kuanza hivyo. Mtoto wa kiume avimbaye magoti kila aangukapo huenda ana himofilia, maradhi ya kurithi ambayo damu haigandi ipasavyo. Huyo akipelekwa kuchanjwa chale kwa wembe, chale hizo zaweza kumtoa uhai.

Wala tusifiche jambo jingine. Yapo madoa ambayo mkono ulioyaleta umo humo humo nyumbani. Baridi ya Ufipa huvalisha watu masweta, na alama za vidole husitirika. Mwanamke akiulizwa hutaja wanga, maana ni rahisi kumsingizia asiyeonekana kuliko kumtaja mume aliyeketi sebuleni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu. Aliyepigwa na achukue mapema fomu ya PF3 kituo cha polisi, ili daktari aandike mahali, ukubwa na umbo la kila doa kabla halijafifia. Siku lilipoingia haisomeki kwa rangi pekee.