Je, Wajua? Kiungulia Hadi Kwenye Pumzi

Je, wajua kwamba tindikali inayokuchoma kifuani haiudhuru ukuta wa tumbo? Tumbo limejikinga kwa ute mzito. Umio, njia ya chakula itokayo kooni, hauna kinga hiyo. Mlinzi wake ni msuli wa mviringo ulio mwishoni: hufunguka ukimeza, kisha hujifunga. Ukilegea, tindikali hupanda.

Vinavyoulegeza? Sigara, pombe, chokoleti, mnanaa, vyakula vya mafuta mengi. Kahawa huwaunguza baadhi tu. Shibe ya kupindukia pia imo, ndiyo maana Ramadhani huwatesa wanaofuturu vitu vya kukaanga tele, au kula daku na kulala papo hapo.

Je, wajua kwamba maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha huchochea tumbo kutoa tindikali zaidi?

Je, wajua kwamba kikohozi cha usiku kinaweza kuanzia tumboni? Hapa wengi huteseka bure, wakibadilishiwa dawa ya kikohozi chupa baada ya chupa. Mtu akilala, matone ya tindikali hufika kooni, na mengine huteleza hadi kwenye njia ya hewa. Asubuhi sauti imekwaruza, kifua kimebana, na huenda hakuhisi kiungulia hata kidogo. Wala si lazima tindikali ifike mbali hivyo. Umio na mirija ya mapafu huhudumiwa na neva moja, vagasi. Umio ukichomwa, mirija inaweza kujibana. Daktari William Osler, mzaliwa wa Kanada, aliandika tangu 1892 kwamba kulijaza tumbo kupita kiasi kunaweza kuamsha pumu. Na pumu nayo hulipa: kuhangaika kuvuta pumzi huisukuma tindikali juu, na aminofilini, dawa ya pumu ya siku nyingi, huulegeza msuli uleule. Tafadhali usiache dawa yako kwa sababu hiyo; mweleze daktari.

Lakini kikohozi cha wiki 2 au zaidi kipimwe kifua kikuu kwanza.

Je, wajua kwamba kulalia ubavu wa kushoto husaidia? Ukilala hivyo, mlango wa tumbo hukaa juu ya tindikali. Inua pia miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hakufai, kwa kuwa hukunja mwili na kulibana tumbo. Maliza kula muda wa saa 3 kabla ya kulala.

Mjamzito hupata kiungulia kwa sababu mbili: homoni ya projesteroni hulegeza msuli, na mtoto husukuma tumbo kutoka chini. Wengi hupona wakishajifungua.

Maumivu ya kifua yanayoenea mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho jembamba, usiyaite kiungulia: kimbia hospitali. Chakula kikikwama ukimeza, ukitapika damu au ukipata choo cheusi, usikae na magadi soda nyumbani. Muone daktari leo.