Programu zinapongojana

Mwanafunzi mmoja hapa Eldoret alinijia na swali ambalo mwanzoni nilidhani si la ukumbi huu. "Mwalimu, programu yangu imegoma. Haijakufa, haiendi. Inangoja tu."

Mradi wake wa mwaka wa mwisho, alioandika kwa lugha ya Java, huanzisha programu nyingine, ffmpeg, ibadilishe video, kisha huendelea na shughuli zake. Video fupi zilipita. Ndefu zikagoma. Siku mbili zilikuwa zimebaki awasilishe.

Amri yenyewe huitwa waitFor. Tuitafsiri vipi? Wapo watakaosema 'subiri'. Kitenzi hicho tulikipata kwa Waarabu, nacho kimebeba subira, uvumilivu wa moyo. Tarakilishi (au kompyuta, sitagombana na mtu leo) haina moyo. Mimi nachagua 'ngojea'. Najua husemwa pia 'ningoje', lakini kauli ya kutendea inaonyesha waziwazi kwamba kuna anayengojewa. Na katika Java yupo: programu iliyoanzisha huitwa mzazi, iliyoanzishwa mtoto. Mzazi humngojea mtoto huyo mmoja hadi amalize, ndipo apewe nambari. Kwa kawaida 0 ni heri, nyingine huashiria kasoro. Akiulizia nambari hiyo mapema kwa exitValue, hutupiwa kosa.

Sasa mbona zikagoma? Kumbe jibu limo katika kauli ya kutendana. Mtoto humwaga maneno yake kwenye mfereji unaoelekea kwa mzazi. Katika Linux, mfereji huo kwa kawaida hubeba baiti 65,536. Ukijaa na mzazi hasomi, mtoto husimama akingojea nafasi. Mzazi naye amesimama kwenye waitFor, akingojea mtoto amalize. Wanangojana!

Aliyewahi kupanda matatu ya Iten anajua hali hiyo. Abiria wamesimama nje wakingojea gari likaribie kujaa ndipo waingie, gari nalo linawangojea waingie ndipo lijae. Stejini kuna dawa: vijana huketi ndani wakijifanya abiria. Java haina vijana hao.

Dawa yake ni mpangilio. Mzazi asome kwanza yote mtoto anayosema, hadi mwisho, ndipo aite waitFor. Tena mifereji ni miwili, wa matokeo na wa makosa, na ffmpeg hupiga domo kwenye huo wa makosa hata kama hakuna kosa lolote. Ndiyo maana video ndefu, zenye maelezo mengi, ndizo zilizokwama. Amri ya redirectErrorStream huiunganisha mifereji hiyo.

Tangu Java 8, iliyotoka 2014, waitFor yaweza pia kuwekewa muda. Muda ukiisha, mzazi huambiwa false, yaani mtoto hajamaliza. Wengi hudhani mtoto naye amezimwa. La, yu hai bado, anakula kumbukumbu, mpaka aamriwe destroy. Hapo kwenye muda, nakiri, 'subiri' lingenikaa vizuri zaidi mdomoni.

Kijana aliunganisha mifereji na kuweka mistari ya kusoma juu ya waitFor. Video zote zikapita. Kando ya mistari hiyo ameacha maelezo kwa atakayerithi msimbo: "Usiishushe hapa chini, zitangojana."