Saa Moja Baada ya Dripu

"Nesi, mikono yake imepoa."

Maneno hayo nimeyasikia usiku mwingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mama amesimama mlangoni mwa wodi saa saba za usiku, mtoto kamlalia begani, kanga imelowa. Hasemi mtoto ana malaria, hasemi amezidiwa. Anasema mikono imepoa. Na mama huyo alikuwa amekwisha kuona jambo kubwa kabla yetu, maana mtoto ambaye kifua kinaunguza huku viganja na nyayo ni baridi, damu yake haizunguki ipasavyo. Sisi tulikuwa tukimbonyeza kidole mpaka pageuke peupe, tukiachia tunahesabu: moja, mbili, tatu. Rangi ikichelewa kurudi, tunakimbilia dripu.

Nimefanya kazi hiyo miaka 27 katika wodi za watoto za pwani yetu. Sasa nimestaafu, na kuna mtoto mmoja ambaye sijaachana naye. Ilikuwa masika ya mwaka 2004. Aliletwa na bibi yake kwa baiskeli ya jirani, mvulana wa miaka mitatu hivi. Tulimpata mshipa kwa shida, tukatundika chupa ya salaini, nami nikawa naibana kwa mikono miwili ili maji yaingie upesi. Haikutimia saa moja viganja vikapata joto. Mtoto akafumbua macho, akamtafuta bibi yake. Bibi akanishika mkono akaniambia, "Mungu akulipe, mwanangu." Kabla ya adhana ya alfajiri mtoto yule alifariki.

Katika ripoti ya asubuhi tuliandika malaria kali. Hakuna aliyeitaja dripu, wala mimi sikuitaja. Tungeitajaje, na sote tulimwona akifumbua macho?

Nilikuwa nimefundishwa hivyo, na waliofundishwa katika nchi tajiri walifundishwa hivyo hivyo: mtoto ambaye damu haizunguki apewe maji ya mshipani kwa haraka, mililita 20 kwa kila kilo ya uzito, na ikibidi arudiwe. Kwa mtoto wa kilo 12 hiyo ni mililita 240, pungufu kidogo ya chupa ya soda. Ilionekana ni hesabu ya wazi mno kiasi kwamba hakuna aliyeona haja ya kuuliza kama maji yale kweli yanawaokoa watoto wa kwetu, wenye malaria, wenye damu pungufu, wanaolazwa katika hospitali isiyo na mashine ya kupumulia.

Waliouliza walikuwa watafiti wa Kenya, Uganda na Tanzania pamoja na wenzao wa Uingereza, wakiongozwa na Kathryn Maitland, daktari wa watoto ambaye amefanya kazi Kilifi kwa miaka mingi. Kuanzia mwaka 2009 waliifanyia kazi hoja hiyo katika hospitali sita: Kilifi kwa upande wa Kenya, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda, na Teule ya Muheza, kwetu mkoani Tanga. Jaribio hilo madaktari wanalijua kwa jina la FEAST.

Kabla sijaeleza walichokipata, nikae kidogo kwenye jambo ambalo watu huniuliza sana. Kwa nini wasifungue tu daftari la wodi wakahesabu? Kila mtoto anayelazwa anaandikwa: umri, uzito, ugonjwa, alichopewa, alivyotoka. Si inatosha kulinganisha waliopewa dripu na wasiopewa?

Daftari lina kazi yake, na kazi hiyo ni kubwa. Kilifi hiyohiyo, watafiti waliwafuatilia watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria na mwaka 1995 wakachapisha walichokiona. Walitaka kujua vihatarishi, yaani dalili zinazomtenga mtoto atakayekufa na yule atakayepona. Watoto 64 walikuwa wamefariki, na 54 kati yao walikuwa na moja ya dalili mbili, au zote: fahamu zimepungua, au wanapumua kwa shida. Dalili hizo hazihitaji maabara. Muuguzi wa zamu akiwa na tochi tu anaziona, na anajua ni nani wa kuonwa kwanza katika foleni ya watoto kumi. Hiyo ndiyo faida ya kuhesabu yaliyomo daftarini, na wengi wamenusurika kwayo.

Lakini daftari likiulizwa kuhusu tiba linapotosha. Chukua kuongezewa damu. Ukihesabu katika wodi yoyote, utakuta watoto walioongezewa damu walikufa kwa wingi kuliko wasioongezewa. Je, damu ndiyo iliyowaua? La. Tuliwapa damu kwa sababu walikuwa mahututi. Ugonjwa ulitangulia, tiba ikaufuata, na daftari haliwezi kuvitenganisha. Dripu ni hivyo hivyo: tuliitundika kwa yule tuliyemhofia zaidi, basi kifo chake kingehesabiwaje?

Njia iliyobaki ni moja, nayo ni ngumu kuikubali ukiwa na mtoto mikononi. Watoto wanaolingana hali wanagawanywa kwa bahati, daktari asichague wala mzazi asichague. Katika jaribio lile bahasha zilizofungwa zilikuwa zimepangwa kwa namba. Mtoto anapoletwa, inafunguliwa iliyo mbele, na ndani yake imeandikwa kundi lake. Kundi la kwanza lilipewa salaini kwa haraka katika saa ya kwanza. La pili lilipewa albumini, maji yenye protini ya damu, nayo kwa haraka. La tatu halikupewa maji ya haraka kabisa. Lilipata maji ya kawaida ya polepole, yale ya kumfidia mtoto asiyeweza kunywa. Mengine yote yalikuwa sawa kwa wote: dawa za malaria, antibiotiki, na damu kwa aliyepungukiwa.

Najua kundi la tatu lilivyowaumiza roho wengine. Wauguzi wenzangu waliona ni kama kumnyima mtoto maji ya kunywa jangwani. Nami ningesema hivyo. Na wazazi wana khofu yao ya siku nyingi. Sisi wa pwani tumekua tukitishwa na mumiani, kwamba wako watu wanaotembea usiku wakitafuta damu ya watoto. Mzazi wa namna hiyo, mwanawe amezimia, huwezi kumkalisha umsomee kurasa nne kisha umwombe saini. Watafiti waliamua hivi: mzazi aelezwe kwa ufupi na akubali kwa mdomo, matibabu yaanze, kisha hali ikitulia aelezwe kwa kirefu na aamue. Hilo nimelitafakari sana, na naona ni haki. Kisichokuwa haki ni kumsomea mtu maneno asiyoyasikia kwa kilio chake, kisha ukaiita hiyo idhini.

Ilikusudiwa kuwaandikisha watoto 3,600. Hawakufika. Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikizifuatilia takwimu iliagiza jaribio lisimamishwe, na Mei mwaka huo matokeo yakachapishwa.

Katika saa 48 za kwanza, kati ya watoto 1,050 waliopewa albumini kwa haraka walikufa 111. Kati ya 1,047 waliopewa salaini kwa haraka walikufa 110. Kati ya 1,044 ambao hawakupewa maji ya haraka walikufa 76.

Kwa kila watoto 100, dripu ya haraka iliongeza vifo vitatu. Niliposomewa namba hizo katika semina ya wilaya, nilitoka nje nikaenda kukaa chini ya mwembe.

Kilichofuata ndicho kilichoniondolea fumbo la mvulana wa mwaka 2004. Watafiti walirudi kwenye kumbukumbu zao wakaangalia hali ya watoto saa moja baada ya matibabu kuanza. Katika waliopewa maji ya haraka, 43 kwa kila 100 walikuwa wametoka kwenye hali ya damu kutozunguka: viganja vimepata joto, mapigo yamerudi. Katika wasiopewa walikuwa 32. Soma tena. Dripu ya haraka ilileta nafuu ya kuonekana. Macho yalifumbuka kweli. Kisha, baada ya ile saa ya kwanza, watoto hao hao wakafa kwa wingi kuliko wenzao, hata wale walioonyesha nafuu.

Watu walitarajia kwamba kama maji yangedhuru, yangedhuru kwa kujaa mapafuni au kuvimbisha ubongo. Uchambuzi ulionyesha kwamba vifo vya ziada vilitokana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kushindwa. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2019 uliongeza kwamba maji mengi ya ghafla huzimua damu ambayo tayari ni hafifu, na kuizidishia asidi. Wataalamu bado wanajadiliana kuhusu njia hasa ya madhara, lakini hesabu ya waliokufa haijadiliwi.

Sisemi kwamba dripu yangu ndiyo iliyomuua mvulana yule. Mtoto mmoja hathibitishi chochote, kwa upande wowote, na hilo ndilo jambo ninalotaka msomaji alichukue kwa uzito. Kama hospitali yetu ilipokea watoto mahututi 200 wa aina hiyo kwa mwaka, vifo vitatu zaidi kwa kila 100 ni vifo sita katika miezi 12. Nani angeviona? Katika masika ambapo tulizika wengi, sita wanapotea ndani ya wengine. Ilhali mtoto anayefumbua macho mkononi mwako huwezi kumsahau. Jicho la muuguzi hukumbuka nafuu. Ili vile vifo sita vionekane, zilihitajika hospitali sita, nchi tatu, miaka miwili na watoto zaidi ya 3,000.

Wako waliopinga, wengine kwa hoja nzuri. Walisema matokeo ni ya watoto wa malaria tu, au ni ya hospitali zisizo na wodi ya uangalizi maalumu. Watoto wasiokuwa na malaria walichunguzwa peke yao, na madhara yakawa yale yale. Kisha Lusaka, Zambia, madaktari wakajaribu kwa watu wazima wenye maambukizi makali na shinikizo la damu lililoshuka. Matokeo yao yalitoka mwaka 2017. Waliopewa maji mengi mapema pamoja na dawa za kupandisha shinikizo walikufa 48 kwa kila 100. Waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida walikufa 33. Hospitali nyingine, umri mwingine, jibu linalofanana.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulibadilishwa mwaka 2016. Kuanzia 2011 hadi 2016 ni miaka mitano, na mimi miaka hiyo siisamehi kwa urahisi. Jibu lilipatikana kwa watoto wa Mbale, Muheza na Kilifi. Ilikuwa haki yao liwafikie wadogo zao upesi.

Si kila mara tulichelewa. Mwaka 2010 jaribio lingine lilitoa jibu kuhusu malaria kali, katika hospitali 11 za nchi tisa za Afrika, Teule na Kilifi zikiwamo. Watoto 5,425 waligawanywa: nusu walipewa kwinini, nusu atesuneti. Kwa kwinini walikufa karibu 11 kwa kila 100; kwa atesuneti, chini kidogo ya tisa. Leo sindano ya atesuneti ndiyo ya kwanza kwa malaria kali.

Sasa neno la tahadhari, maana najua habari hii inavyoweza kusikika vibaya. Mtoto anayeharisha na kutapika mpaka macho yameingia ndani hakuwa katika jaribio lile. Wala aliyeungua moto, wala aliyetokwa na damu nyingi kwa ajali, wala mwenye utapiamlo mkali. Anayeharisha amepoteza maji na anayahitaji. Mchanganyiko wa chumvi na sukari wa pakiti umeokoa watoto wengi mno, na dripu kwa aliyekaukiwa kabisa ni uhai. Asije mzazi akamkatalia mwanawe dripu kwa sababu amesoma gazetini.

Ninachoomba ni kidogo zaidi ya hapo. Watu wetu wanapenda dripu. Nimewaona wakibadilisha zahanati kwa sababu tabibu ametoa vidonge tu, na nimewaona ndugu wakinyanyua mkono, muuguzi akigeuka, kufungua kidhibiti cha mrija ili chupa iishe haraka, wakiamini wanamsaidia mgonjwa. Ukiwa wodini na mtoto wa homa, ukaona matone yanadondoka moja moja, usidhani mwanao amesahauliwa. Muulize muuguzi kwa nini yanakwenda polepole, naye akueleze. Lakini mkono wako usikiguse kile kidhibiti.