Noah Inagonga: Ulipie Kipi Kwanza?

Noah za SR40 zimejaa kusini mwa Unguja. Ndizo zile za injini ya petroli ya 3S-FE, zilizotengenezwa Japani kati ya 1996 na 2001, na sasa zimefika umri wa kutoa milio. Mwenye gari wa Makunduchi akienda gereji hupewa moja ya majibu matatu: plagi, pampu, au "injini imekwisha, tafuta ya mtumba." Lolote kati ya hayo laweza kuwa kweli. Ila plagi seti nzima ni pesa ya kubana matumizi wiki moja, na injini ya mtumba inahesabiwa kwa malaki, pengine ipite milioni. Fundi akikosea jibu, anayelipa ni wewe.

Mtu wa Makunduchi ana gharama nyingine ambayo wa Mwanakwerekwe, kule mjini, haijui. Mjini ni zaidi ya kilomita 60. Noah ikienda kilomita kumi kwa lita, kwenda na kurudi kunakula lita 13 hivi, na petroli Zanzibar miaka hii imekuwa ikicheza karibu na shilingi 3,000 kwa lita. Kwa hiyo kila ukifuata spea na gari lako umeshatoa kiasi cha shilingi 40,000 kabla hujafika dukani. Fundi akibahatisha mara tatu, hiyo ni laki na ishirini ya mafuta matupu. Panda daladala, chukua na spea ya zamani mkononi ulinganishe. Lakini bora zaidi usitoke Makunduchi mpaka ujue unafuata nini.

Kuna mlio mkavu, mwepesi, kama njugu kwenye kopo la bati. Huja ukikanyaga mafuta gari likiwa na mzigo, na hupotea ukiinua mguu. Unguja haina milima ya kulijaribia gari, lakini matuta ya Jozani, yaliyowekwa kuwanusuru kima punju, yanatosha: jaza abiria, vuka tuta taratibu, kisha kanyaga. Ukisikia njugu hapo, mafuta yanajiwakia yenyewe ndani ya silinda kabla moto wa plagi haujayafikia. Sababu zaweza kuwa injini kuchemka, timingi iliyopelekwa mbele, masizi juu ya pistoni, petroli mbovu, au mafuta kufika kidogo kwa hewa iliyopo. Hapo ndipo pampu inapoingia katika kesi, na haiko peke yake.

Mlio mwingine ni mzito na unatoka chini. Unafuata mzunguko wa injini hata gari likiwa limesimama, na unazidi oili ikipata moto. Taa ya oili nayo huenda ikapepesa. Pima oili kwanza. Kisha fundi akate umeme wa plagi moja baada ya moja injini ikiwa inazunguka. Mlio ukipungua kwenye silinda fulani, beringi ya konrodi ya silinda hiyo ndiyo inayolia. Kipimo hiki hakina spea wala safari ya mjini. Majibu yakiwa hayo, usiliendeshe gari hata hadi Kitogani. Livutwe. Ukiliwahi, pengine utalipia beringi na kuchonga krenki; ukilazimisha mpaka mjini, konrodi ikitoboa bloku utanunua injini nzima.

Vitu vinavyogongagonga juu, kwenye kava la valvu, mara nyingi ni nafasi za valvu tu. Vinaweza kusubiri.

Turudi kwenye mafuta, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Gari likivuta kwa shida, likikatakata kwenye mwendo kasi na kutoa njugu, wengi hukimbilia pampu. Mwulize fundi wako kama ana geji ya presha ya mafuta. Kwenye 3S-FE, mpira wa vakyumu wa regyuleta ya presha ukichomolewa na kuzibwa, geji inatakiwa isome kati ya psi 38 na 44. Ikisoma chini, fundi abane kidogo mpira unaorudisha mafuta tangini. Presha ikipanda, regyuleta ndiyo mbovu na pampu yako ni nzima. Isipopanda, anza na filta, ambayo ni rahisi kuliko vyote, ndipo uiendee pampu. Kazi hii ifanyike injini ikiwa ya baridi, mbali na sigara na jiko.

Kipimo cha kompyuta kinasifiwa mno. Kwa gari hili mashine haiwezi kukuambia presha ya mafuta, kwa sababu hakuna sensa inayoisoma. Toyota nyingi za miaka ya 90 zinajisema zenyewe: unganisha tundu za TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kupiga stata, uhesabu taa ya injini inavyomweka. Namba 25 ni mafuta kidogo kwa hewa iliyopo, 52 ni sensa ya noki, ile inayosikiliza njugu. Kabla hujalipia mashine mjini, lipia kwanza fundi mwenye geji.

Pampu ikithibitika, kuna ya kopi, ya Denso halisi, na ya mtumba. Ya mtumba siishauri kabisa: hujui umri wake, na kuitoa tena tangini ni kulipa ufundi mara mbili. Kopi inafaa gari la kwendea shamba na msibani. Gari la kubeba wageni au abiria kila siku lipewe halisi, hata kama italazimu kuagiza Kariakoo ije na boti. Vyovyote iwavyo, tangi lisafishwe kutu, la sivyo pampu mpya itakufa kama ya kwanza. Na uache kuweka mafuta ya elfu tano tano. Petroli iliyomo tangini ndiyo inayoipoza pampu.

Petroli ya chupa za njiani inauzwa ghali kuliko bei ya kituo inayotangazwa kila mwezi na ZURA, mdhibiti wa nishati Zanzibar, na hujui imekaa wapi. Ikichanganywa mafuta ya taa, oktani hushuka na injini hugonga. Bara mchezo huo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba EWURA, mdhibiti wa nishati wa huko, ilianza kuweka vinasaba vya kutambua mafuta yaliyochanganywa mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa. Chupa za dawa za kuongeza oktani ziache dukani. Petroli ya kawaida ya Japani, ambayo gari hili liliundwa kuitumia, inatakiwa ifikie oktani 89 tu, na petroli halali inayouzwa huku inaipita.

Ukilazimika kununua injini ya mtumba, isikilize ikiunguruma kwanza, pima kompresheni ya silinda zote nne, na uandikiane na muuzaji siku za kuirudisha. Muuzaji akikataa kuandika, tafuta mwingine.