Robert Durrer: Profesa wa Uswisi Aliyebadili Namna Dunia Inavyotengeneza Chuma

Tangu Serikali ilipohamishia shughuli zake Dodoma, mahitaji ya chuma katika Kanda ya Kati yameongezeka kwa namna inayoonekana kwa macho: nondo za majengo ya Mji wa Serikali Mtumba, mabati ya nyumba za wananchi, na reli ya kisasa ambayo treni yake ya umeme ilianza kufika Dodoma mwaka 2024. Pamoja na mahitaji hayo limekuwapo swali ambalo wananchi huliuliza kila mradi wa Liganga unapotajwa: kwa nini nchi yenye mlima wa chuma haijayeyusha chuma chake? Sehemu ya jibu inapatikana katika maisha ya mhandisi mmoja wa Uswisi, nchi ambayo kwa kweli haina utajiri mkubwa wa chuma.

Robert Durrer alizaliwa mwaka 1890. Alisomea uhandisi wa metali katika mji wa Aachen, Ujerumani, na mwaka 1928 akawa profesa wa elimu ya chuma katika chuo kikuu cha ufundi cha Berlin. Huko ndiko alikoshughulika na tatizo lililokuwa limewasumbua mafundi tangu siku za Mwingereza Henry Bessemer.

Tatizo lenyewe ni hili. Chuma ghafi kinachotoka katika tanuri kuu huwa na kaboni ya takribani asilimia 4, hivyo huvunjika kikigongwa. Ili kipatikane chuma kigumu kinachopindika bila kukatika, yaani feleji, ni lazima sehemu kubwa ya kaboni hiyo iunguzwe. Mwaka 1856 Bessemer alionesha kwamba kazi hiyo yaweza kufanyika kwa dakika chache kwa kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka, bila kuongeza kuni wala makaa, kwa sababu kaboni inapoungua hutoa joto lake yenyewe. Lakini karibu asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni. Gesi hiyo haisaidii kuunguza chochote. Hubeba joto na kutoka nalo nje, na kiasi chake kingine huingia ndani ya chuma na kukifanya kiwe dhaifu. Njia nyingine iliyotumika, ya tanuri la wazi, ilitoa chuma bora lakini ilihitaji saa nyingi na mafuta mengi.

Dawa ilikuwa wazi tangu mwanzo: puliza oksijeni tupu. Kilichokosekana ni oksijeni ya bei nafuu na kwa wingi, jambo lililowezekana baada ya viwanda vya Ujerumani kuboresha mitambo ya kutenganisha hewa. Hata hapo, oksijeni ikipulizwa kutoka chini iliunguza sakafu ya chombo kwa haraka mno.

Mwaka 1943, vita vikiendelea, Durrer alirejea Uswisi. Akafundisha katika Chuo Kikuu cha ETH mjini Zurich, na wakati huohuo akawa miongoni mwa viongozi wa kampuni ya chuma ya Von Roll. Nafasi hizo mbili zilimpa kile ambacho maprofesa wengi hukikosa, yaani kiwanda cha kujaribia. Katika kiwanda cha Gerlafingen, yeye na mhandisi mwenzake Hellbrügge walitumia chombo kidogo cha tani 2.5, wakashusha bomba lililopozwa kwa maji kutoka juu na kuelekeza oksijeni kwenye uso wa chuma kilichoyeyuka. Tarehe 3 Aprili 1948 walipata feleji yao ya kwanza.

Majaribio hayo yalivuka mpaka hadi Austria. Wahandisi wa kiwanda cha Linz walianza kwa matatizo, wakayatatua kwa kuliinua bomba mbali zaidi na uso wa chuma. Uzalishaji wa kibiashara ulianza Linz mwezi Novemba 1952 na Donawitz mwaka uliofuata. Njia hiyo ikaitwa LD, kwa herufi za miji hiyo miwili. Jina la Durrer halimo. Kampuni kubwa za Marekani zilikawia kuipokea, huku Kanada ikiianza mwaka 1954. Leo takribani asilimia 70 ya feleji yote duniani hutengenezwa kwa oksijeni.

Durrer hakuishia hapo. Mwaka 1953, pamoja na Volkert, alitoa kitabu kikubwa kuhusu michanganyiko ya chuma na metali nyingine zinazokiongezea nguvu. Alifariki dunia mwaka 1978. Mwaka huohuo watafiti wa Marekani Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti wao kuhusu wahunzi wa Kihaya mkoani Kagera, wakieleza kuwa wahunzi hao walisukuma vipulizio hadi ndani ya tanuri ili hewa ipate joto kabla ya kukutana na mkaa. Inafaa ikumbukwe, basi, kwamba swali la hewa gani iingie katika tanuri halikuwa geni katika ardhi hii.

Kwa Liganga, wilayani Ludewa, akiba ya madini ya chuma inakadiriwa kuwa tani milioni 126. Madini hayo yamechanganyika na titaniamu na vanadiamu. Titaniamu ikizidi katika tanuri la kawaida, takataka za chuma, ambazo wahunzi huziita mavi ya chuma, huwa nzito na kukataa kutiririka, na tanuri huziba. Vanadiamu kwa upande wake ni mali, kwa kuwa kiasi chake kidogo huimarisha feleji. Kwa hiyo kiwanda cha Liganga hakiwezi kuwa nakala ya kiwanda chochote kilichopo. Sharti kibuniwe kufuatana na sampuli za madini yenyewe, pamoja na makaa ya mawe ya Mchuchuma na umeme wa kutosha.

Kwa sasa viwanda vingi vya nondo nchini huyeyusha vyuma chakavu kwa umeme. Njia hiyo ni ya gharama nafuu, lakini shaba iliyomo ndani ya chakavu haiondoki kwa kuyeyushwa, na huongezeka kila chuma kinaporudiwa. Ili kuipunguza, chuma kipya kutoka kwenye madini huchanganywa na chakavu.